Kisanduku cha Kitale: jinsi simu ya ofisi ilivyojifunza kupita kwenye intaneti

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Sababu ni kazi niliyopewa hapa Kitale. Nilidhani ingenichukua siku mbili, ikanichukua mwezi na nusu, na ikanifundisha historia ambayo sikuipata chuoni nilipokuwa nikisomea sayansi ya kompyuta. Leo nataka tuipitie historia hiyo pamoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna biashara moja ya pembejeo (mbegu, mbolea, dawa za mifugo) yenye ofisi kuu Kitale na tawi moja Bungoma. Jina lake si muhimu. Ofisi kuu ina swichibodi ya zamani, ile ya kutundikwa ukutani, yenye ekstensheni kumi na sita. Bungoma hawakuwa na simu ya mezani hata moja. Karani wa huko akitaka kujua kama mbegu fulani ipo ghalani Kitale, anapiga kwa salio lake mwenyewe. Mwenye biashara alitaka mambo mawili: kwanza, Bungoma iwe kama chumba kingine cha ofisi ya Kitale, pili, simu za wateja zipokewe na mashine badala ya mtu.

Jambo la pili ndilo lililonipa taabu, kwa sababu huyo mtu yupo. Ni mama aliyekalia swichibodi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Siku niliyoingia na laptopu yangu alinitazama kama mtu anavyomtazama mpima ardhi aliyeingia shambani bila kupiga hodi.

Katika stoo, chini ya maboksi ya risiti, nikakuta kisanduku cheusi chenye soketi nne za simu na soketi moja ya mtandao. "Mama, hiki ni nini?" nikauliza.

"Hicho kililetwa mwaka wa 2006," akasema. "Kilikuwa cha kuongea na Bungoma bure. Kilifanya kazi miezi mitatu, watu wakakichukia, kikawekwa huko. Kiache kilale, kijana wangu."

Sikukiacha kilale. Nilikichomeka kwenye umeme, taa zikawaka. Basi nikajiuliza maswali mawili: kifaa hiki kinafanya nini hasa, na kwa nini kilishindwa 2006 ilhali hakijaharibika? Kuyajibu, inabidi turudi nyuma sana.

Mwanzo: waya mbili na mtu wa kuziunganisha

Simu ya mezani ya zamani ni kitu rahisi ajabu. Ni waya mbili za shaba kutoka kwenye kituo. Kituo huzipa umeme wa volti 48 hivi. Ukiinua mkono wa simu, mzunguko unafungika, umeme unapita, na kituo kinajua kwamba unataka kuongea. Mtu akikupigia, kituo kinatuma umeme wa kupandashuka wa volti 75 hadi 90 hivi, nao ndio unaogonga kengele. Sauti yako inageuzwa kuwa mawimbi ya umeme yanayofanana na mawimbi ya hewa. Hakuna tarakimu popote.

Nani alikuwa anaunganisha waya za huyu na za yule? Mtu. Opareta alikaa mbele ya ubao wenye matundu, akachomeka waya kwa mkono. Mashine ya kwanza iliyomwondoa ilitokana na hataza ya mwaka wa 1891 ya Almon Strowger, Mmarekani ambaye kazi yake ilikuwa kuzika maiti katika mji wa Kansas City. Husimuliwa kwamba aliamini opareta wa mji wake anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Kwa hiyo swichi ya kujiendesha ilizaliwa kwa sababu ya kutomwamini opareta. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Kwetu huku simu zilifuata reli. Reli ya Uganda ilipojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896, waya za telegrafu zilikwenda sambamba nayo. Tawi la reli lilifika Kitale katikati ya miaka ya 1920, na njia kuu ya kwenda Kampala ilipita Webuye (enzi hizo ikiitwa Broderick Falls) na Bungoma. Ndiyo maana hata leo miji hii miwili ya chini ya Mlima Elgon ni jirani kwa barabara lakini kwa reli iko kwenye matawi mawili tofauti. Mtaona kwamba mawasiliano yake nayo yalikuja kuwa na tabia hiyohiyo: ili Kitale ifike Bungoma, inazunguka mbali.

Baada ya uhuru, simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilisimamiwa na shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda Shirika la Posta na Simu, KPTC. Shirika hilo ndilo lililokuwa na kila kitu: stempu, waya, vituo, na hata mamlaka ya kuamua nani apewe laini. Wazee wanakumbuka kuomba laini na kusubiri miaka. Mpaka kufikia mwaka wa 2000, nchi nzima ilikuwa na laini za mezani kama laki tatu tu.

Kwa sababu laini zilikuwa chache, ofisi zikatumia ujanja: laini mbili au tatu za kutoka nje, na ndani swichibodi ndogo ya kuzigawa kwa ekstensheni nyingi. Hiyo ndiyo PBX. Ukiwa ndani unapiga tarakimu mbili kumfikia mwenzako wa chumba cha pili bila kulipa, na unapiga 9 kupata laini ya nje. Mama yetu wa Kitale alianza kazi kwenye mashine ya namna hiyo.

Sauti inageuka hesabu

Wakati huohuo, ng'ambo, wahandisi walikuwa wameanza kuigeuza sauti kuwa namba. Wazo ni la Mwingereza Alec Reeves, aliyelibuni 1937 akifanya kazi Paris. Unaipima sauti mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Enzi zake vifaa vya kuifanya kazi hiyo kwa bei nafuu havikuwepo. Mwaka wa 1962 kampuni ya Bell ya Marekani ikaanza kuitumia kwenye njia zake za simu, na 1972 ikawa kanuni ya kimataifa inayoitwa G.711.

Hesabu yake ni rahisi. Pima sauti mara 8,000 kwa sekunde. Kila kipimo kiandike kwa biti 8. Zidisha: 8,000 mara 8 ni biti 64,000 kwa sekunde, yaani kilobiti 64. Namba hii 64 ndiyo tofali la simu za dijitali duniani kote. Njia ya E1, iliyotumiwa na vituo vya simu vya Kenya, ina nafasi 32 za kilobiti 64 kila moja, ambazo 30 kati yake hubeba sauti.

Hatua iliyofuata ni kuikata sauti vipande na kuvirusha kwenye mtandao wa kompyuta. Mwaka wa 1974, kundi la watafiti akiwemo Danny Cohen lilipitisha sauti kwenye mtandao wa ARPANET kati ya California na Massachusetts. Ilikuwa majaribio ya maabara. Mtu wa kawaida alipata bidhaa hiyo Februari 1995, kampuni ya VocalTec ya Israeli ilipotoa programu ya Internet Phone. Ulihitaji kompyuta, kadi ya sauti, modemu na subira nyingi.

Lakini hiyo ilikuwa kompyuta kwa kompyuta. Ofisi zilikuwa na simu za mezani, na hakuna mkurugenzi aliyetaka kuongea na tarakilishi yake. Hapo ndipo lilipohitajika lango, kifaa cha kusimama kati ya waya mbili za shaba na mtandao wa data. Malango ya kwanza yalikuwa kompyuta za kawaida zilizojazwa kadi za simu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, Cisco na wenzake walikuwa wanaweka soketi za simu kwenye ruta zenyewe.

Lango ni mwongo wa pande mbili

Sasa tukifungue kisanduku chetu. Kina soketi nne za simu: mbili za aina ya FXS na mbili za aina ya FXO. Herufi hizi huwatisha watu bure.

FXS ni soketi inayojifanya kituo cha simu. Inatoa volti 48, inatoa mlio wa kupiga, inagonga kengele. Ukiichomekea simu ya kawaida, simu hiyo itaamini imeunganishwa na Telkom.

FXO ni kinyume chake. Inajifanya simu. Inaweza "kuinua mkono", "kuweka chini", na kusikia kengele. Ukiichomeka kwenye laini ya nje, kituo kitaamini kuna mtu amekaa na simu mezani.

Basi lango linadanganya pande zote mbili, na uongo huo ndio uzuri wake, maana swichibodi ya zamani haihitaji kubadilishwa hata skrubu moja. Nilichomeka FXS mbili kwenye matundu ya laini za nje ya swichibodi, nayo ikaridhika kwamba imepewa laini mbili. FXO mbili nikazichomeka kwenye laini halisi za ofisi. Laini hizo siku hizi si za shaba tena. Ni visanduku vya mezani vyenye kadi ya simu ya mkononi ndani, lakini kwa lango ni laini tu kama laini nyingine.

Ndani ya lango, sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, inakatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande kinafungwa kwenye pakiti. Kwa hiyo kila sekunde ya mazungumzo ni pakiti 50 kwenda na 50 kurudi. Fikiria kila pakiti kama abiria anayepanda matatu yake mwenyewe kutoka stendi ya Kitale. Wengine watapitia Webuye, wengine Kimilili, wengine watapata pancha Kamukuywa wasifike kabisa. Kule Bungoma, lango la pili lina chumba kidogo cha kusubiria: linawashikilia abiria kwa milisekunde chache, linawapanga kwa namba zao, kisha linawatoa mmoja mmoja kwa mwendo ulio sawa. Aliyechelewa mno anaachwa, na msikilizaji anasikia mkwaruzo mdogo. Kanuni ya kuzipa pakiti namba na saa inaitwa RTP, na ilitolewa Januari 1996.

Bado kuna kazi ya kupigana kengele, yaani nani anamwita nani. Mwaka wa 1996 chama cha simu cha kimataifa, ITU, kilitoa itifaki ya H.323, nzito na yenye desturi za mashirika ya simu. Watu wa intaneti wakatengeneza yao, SIP, iliyochapishwa Machi 1999 na kuandikwa upya Juni 2002. SIP ni maandishi unayoweza kuyasoma kwa macho. Lango la Kitale linatuma neno INVITE, yaani karibu tuongee. Bungoma inajibu 180, maana yake kengele inalia. Mtu akiinua, inajibu 200. Wakimaliza, mmoja anatuma BYE. Kwa mtu aliyezoea kutengeneza tovuti kama mimi, nilijihisi niko nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1999, kijana wa Alabama aitwaye Mark Spencer alihitaji PBX kwa ajili ya kampuni yake changa, akaona bei haiwezekani, akaandika yake kwa Linux na kuigawa bure. Aliiita Asterisk. Ndiyo niliyoiweka kwenye kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja pale Kitale, nayo ndiyo inayoliambia lango lipeleke simu ipi wapi.

Kilichokataza sauti ya Kenya kupita

Teknolojia ilikuwepo, basi. Kwa nini Kitale isubiri hadi 2006?

Jibu ni sheria. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 iliigawa KPTC, na 1999 tukapata Posta, Telkom Kenya, na msimamizi aitwaye CCK (leo ni Mamlaka ya Mawasiliano). Telkom ikapewa ukiritimba wa miaka mitano, pamoja na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Kupitisha sauti za watu kwenye intaneti kwa malipo ilikuwa kosa. Saiba kadhaa zilifanya hivyo kichinichini, kwa sababu dakika moja ya kupiga ng'ambo kwa njia halali iliweza kula mshahara wa siku.

Ukali wa ukiritimba huo unaonekana kwenye kisa cha KIXP. Mwishoni mwa 2000, kampuni za intaneti zilianzisha Nairobi kituo cha kubadilishana data ili barua pepe kati ya majirani wawili isilazimike kwenda Marekani au Ulaya kwa setilaiti na kurudi. Telkom ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, na baada ya majuma mawili hivi kituo kikafungwa kwa amri ya CCK. Kilifunguliwa tena 2002, kikiwa na leseni.

Ukiritimba uliisha katikati ya 2004, na 2005 simu za intaneti zikaruhusiwa kwa wenye leseni. Ndipo mafundi walipoanza kuzunguka miji ya Bonde la Ufa na Magharibi wakiuza visanduku kama hiki. Ofisi yetu ikanunua kimoja cha Kitale na kingine cha Bungoma.

Kwa nini 2006 kilishindwa

Hapa nilipiga hesabu kwa karatasi. Mama aliniambia kwamba wakati huo ofisi zote mbili zilikuwa na dishi la setilaiti kwenye paa, kwa sababu waya za shaba zilikuwa zinakatwa na kuuzwa na wezi kila baada ya majuma kadhaa.

Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000. Mawimbi huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari moja huchukua karibu robo sekunde. Lakini dishi la Kitale haliongei na dishi la Bungoma moja kwa moja. Pakiti inapanda kutoka Kitale, inashuka kwenye kituo kikuu, inapanda tena, ndipo inashuka Bungoma. Karibu nusu sekunde kwenda, na nusu kurudi. Unauliza "Mbegu ipo?", unasubiri karibu sekunde nzima kabla ya kusikia chochote, unadhani hajasikia, unarudia, na jibu lake linagongana na swali lako la pili. ITU inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Hawa walikuwa mara tatu ya hapo.

"Tulikuwa tunaongea kama polisi na redio zao," mama akaniambia. "Unasema, unanyamaza, unahesabu moja mbili, ndipo mwenzako anajibu. Mteja hawezi hiyo."

Ilikuwepo pia njia ya Telkom ya kukodi, Kenstream, kwa wenye uwezo. Kwa laini ya kilobiti 64 napo palihitaji ujanja. Sauti ya G.711 ni kilobiti 64, lakini kila pakiti hubeba bahasha ya baiti 40 juu ya baiti 160 za sauti. Jumla baiti 200, mara 50, mara 8: kilobiti 80. Haiingii. Ndiyo maana malango yalitumia kodeki ya G.729 ya mwaka wa 1996, inayokamua sauti hadi kilobiti 8. Baiti 20 za sauti na bahasha ya 40 ni kilobiti 24. Tazama hapo: bahasha ni nzito mara mbili ya barua! Lakini simu mbili zinaingia, na data kidogo inapata pa kupita.

Kilichookoa kisanduku ni faiba. Mwaka wa 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kutoka baharini, na miaka hiyo serikali ilikuwa inatandaza mkongo wa taifa, NOFBI, hadi makao ya wilaya. Leo pakiti kati ya ofisi hizi mbili zinaenda kukutana Nairobi (kampuni zao za intaneti ni tofauti) na kurudi magharibi, mzunguko wa mamia ya kilomita kati ya majirani, na bado hazifiki milisekunde 30. Kisanduku ni kilekile. Kilichobadilika ni barabara.

Jumamosi ya kupanda

Sasa niwaambie nilivyoharibu.

Upande wa Bungoma ulikwenda vizuri. Nilinunua kilango kidogo cha mtumba, nikachomeka simu mbili, nikaziunganisha ofisi kwa njia iliyofungwa kwa siri (usiliache lango wazi kwenye intaneti na neno la siri la kiwandani, utapigiwa simu za ng'ambo usiku kucha kwa gharama yako). Karani wa Bungoma aliinua mkono wa simu, akapiga, mama akapokea Kitale, wakaulizana habari za watoto. "Mulembe!" Sauti safi.

Kisha nikaweka mashine ya kupokea wateja kama mwenye biashara alivyotaka: bonyeza 1 kwa Kitale, 2 kwa Bungoma, usipobonyeza unawekwa kwenye foleni yenye muziki. Ilikuwa Ijumaa jioni, mwishoni mwa Machi. Wanaolijua eneo la Trans Nzoia wanajua maana yake. Mvua imenyesha, kila mkulima anatafuta mbegu na mbolea siku ileile. Nilikwenda zangu nyumbani nikiwa na furaha.

Jumamosi saa moja na dakika kumi asubuhi simu yangu ikalia. Ni mama.

"Kijana wangu, nimepiga ofisini kwa simu yangu, laini zote mbili zinatumika. Ofisi imefungwa. Sasa inaongea na nani?"

Nilikimbia. Foleni ilikuwa na wateja wawili, na muziki ulikuwa ukiwachezea tangu Ijumaa saa mbili usiku. Hakukuwa na mtu. Walikuwa wameshakata simu zamani.

Shida ilikuwa hii. Kwenye waya mbili za zamani, mwenzako akikata, mara nyingi dalili pekee ni ule mlio wa "bize". Sikio la mtu linaujua papo hapo. Lango halijui mpaka liambiwe mlio huo una masafa gani na unakatika vipi. Kisanduku changu kilikuwa na mipangilio ya Marekani, ambako mlio wa bize ni sauti mbili kwa pamoja, herzi 480 na 620. Visanduku vya laini zetu vilikuwa vinatoa sauti moja ya herzi 425, kama ilivyo katika nchi nyingi zilizofuata desturi za Ulaya. Lango lilisikia mlio huo, likadhani ni mteja, likaendelea kumchezea muziki. Na kila mkulima aliyepiga usiku ule na alfajiri ile akaambiwa laini inatumika.

Sijui ni wangapi waliokwenda kununua kwingine. Ninajua mmoja, kwa sababu alikuja dukani mwenyewe saa nne, ametoka Kiminini kwa bodaboda, akauliza kwa nini hatutaki kupokea simu zake. Mama ndiye aliyemjibu.

Marekebisho yalichukua nusu saa. Nilirekodi mlio kwenye laptopu, nikapima masafa yake na muda wa kukatika, nikaviandika kwenye lango. Nikaweka pia kikomo: mtu asikae kwenye foleni zaidi ya dakika tatu. Mlio sahihi ni jambo ambalo ningeweza kulijua Ijumaa kama ningemuuliza mtu mmoja aliyekaa mita mbili kutoka nilipokuwa. Amesikiliza milio ya laini za Kitale tangu enzi za Posta na Simu.

Strowger aliunda swichi yake kwa sababu hakumwamini opareta. Mimi nilikuwa nimekosea kwa namna nyingine, sikumuuliza. Jumatatu tulikaa watatu na mwenye biashara, nami nikakiri kosa langu mbele ya mama. Nikaonyesha kwamba kwa mchoro wetu, simu ya Bungoma ikiingia Kitale inaonekana kwenye swichibodi kama simu ya nje, kwa hiyo lazima mtu aipokee na kuielekeza. Tukakubaliana hivi: mchana mama anapokea kwanza; mashine inashika tu akiwa kwenye laini nyingine, au usiku. Na sauti ya usiku tukamrekodi yeye, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Kazi yake imebaki. Kwa muda gani, siwezi kumwahidi, na yeye hakuniuliza.

Leo ukipiga simu ya VoLTE kwenye simu yako ya mkononi, chini kabisa ni SIP ileile na INVITE ileile. Hataza za G.729 ziliisha 2017, kodeki hiyo sasa ni ya kila mtu. Kisanduku kinachofanana na hiki, kikiwekwa kadi nyingi za simu, hutumiwa na wahalifu kuingiza simu za ng'ambo kwa mlango wa nyuma na kuwakwepa wenye leseni, na Mamlaka imekuwa ikiwasaka. Kifaa ni kile kile, nia ndiyo tofauti.

Ukiwa na ofisi yenye swichibodi ya zamani, usikimbilie kuitupa. Tafuta lango, pima kuchelewa kwa pakiti kabla ya kununua chochote, na ujue mlio wa bize wa laini zako. Halafu kaa kwanza na anayeipokea simu, umuulize anasikia nini.

Nikipata nafasi nitaeleza siku nyingine kuhusu mwangwi kwenye laini, maana huo nao una visa vyake. Hadi hapo, mulembe.